Vitabu Tisa vya Mwalimu Syokau Kaleli

Tunayemzika leo, Jumamosi tarehe 18 Oktoba 1958, hakupenda wasifu. Alikuwa akisema kwamba wasifu wote humsimulia mtu mmoja tu, mpole, mvumilivu na mwenye tabasamu, na kwamba kama mtu huyo angekuwa amezikwa mara nyingi hivyo, chifu wa Ruiru asingekuwa na kesi hata moja ya kusikiliza. Basi tuseme mapema: Mwalimu Syokau Kaleli hakuwa mvumilivu. Watu wengi walimchosha, na walipomchosha alipumua kwa pua, pumzi moja ndefu, ambayo watoto wote wa chumba chake waliijua na kuiiga nyuma ya mgongo wake. Lakini hakuna aliyemchosha kama mtu mzima anayemletea mtoto kitabu ambacho yeye mwenyewe hajakifungua.

Alizaliwa tarehe 3 Machi 1911, mashariki ya Thika, chini ya mlima wa Donyo Sabuk, mtoto wa tatu wa Mzee Kaleli wa Muasya na mkewe Ndinda. Tarehe hiyo imetoka kwenye daftari la ubatizo. Mamake alishikilia hadi kufa kwamba ilikuwa wakati wa kuchuma mbaazi, na kwamba mwenye daftari hakuwapo.

Baba yao alikuwa mpishi kwenye shamba la mkonge, na siku moja alileta nyumbani bati tupu la biskuti. Ubavuni palichorwa mbwa akikimbia, masikio nyuma, ulimi nje, na mguu wa mbele umeshafika pembeni kabisa mwa bati. Syokau, mwenye umri wa miaka sita, aligeuza bati ili aone mbwa anamfukuza nani. Upande wa pili palikuwa na maandishi ya uzani na anwani ya kiwanda. Akaligeuza tena, labda amekosea upande. Kaka yake Nzomo akamcheka. Alama ya bati hilo ingali juu ya nyusi ya Nzomo, na mwenyewe atawaonyesha baada ya ibada mkitaka. Familia inaamini kwamba hasira ya siku ile haikuisha. Miaka arobaini baadaye bado alikuwa akifungua vitabu na kuuliza: sawa, huyu anakimbia, sasa anamfukuza nani?

Alisoma shule ya misheni kuanzia mwaka 1920 hadi 1927. Shuleni hapo palikuwa na kitabu kimoja chenye picha, na mwalimu alikishika picha zikimtazama yeye mwenyewe, kisha akawaeleza watoto yaliyomo. Siku ya kwanza Syokau aliinuka, akazunguka meza, akasimama nyuma ya mwalimu. Alipigwa fimbo mbili. Kesho yake alizunguka tena. Mwisho mwalimu alichoka, akakigeuza kitabu, na darasa zima likaona kwamba kile alichokuwa akikiita tembo kilikuwa kifaru.

Mwaka 1928 aliajiriwa kufundisha darasa la watoto wadogo Thika. Huko ndiko alikokutana na seremala kijana kutoka Ruiru, Bedan Muigai, aliyeletwa kutengeneza rafu ya vibao vya kuandikia. Bedan aliitengeneza vizuri, kimo cha kifua cha mwanamume.

“Ni ya nani hii?” Syokau akamuuliza.

“Ya shule.”

“Shule haina mikono. Watoto watafikaje?”

“Utawapa wewe.”

“Mimi sitoi vibao. Kata miguu.”

Alikata. Syokau hakuridhika. Alikata tena. Mara ya tatu Bedan alimwambia kwamba akikata zaidi rafu itakuwa mkeka, na afadhali amuoe tu amkatie nyumbani kwa nafasi. Walifunga ndoa tarehe 12 Desemba 1931, baada ya wazee wa pande mbili kubishana mwaka mzima iwapo mbuzi wa Kikuyu na mbuzi wa Kikamba wanahesabiwa sawa. Walijaliwa mabinti wawili. Wa kwanza aliitwa Ngendo, jina la mamake Bedan, wa pili Ndinda, jina la mamake Syokau, kama desturi ya Bedan inavyotaka. Hili ndilo jambo pekee ambalo hatukumbuki Syokau akilibishia.

Mwaka 1950 aliitwa kuangalia watoto wa wachumaji kwenye shamba moja la kahawa kando ya mto Ruiru. Akina mama walipoingia kwenye mibuni alfajiri, watoto wao waliachwa kwenye ghala la zamani, wakakaa juu ya magunia hadi kahawa ipimwe. Aliwakuta watoto thelathini na wanne, Wakikuyu, Wakamba na Wajaluo wachache, na kitabu kimoja kisicho na jalada kinachoeleza jinsi ya kunyunyizia mibuni dawa. Walikuwa wanakipenda. Kilikuwa na picha za wadudu.

Hapo ndipo kazi yake ya kweli ilipoanza, na tabu za watu wengine pamoja nayo. Kaka yake Nzomo alikuwa mhudumu kwenye meli za Mombasa. Alimwomba alete vitabu vya watoto kutoka kila bandari, vya lugha yoyote. Nzomo alituma vya Kigujarati kutoka Bombay, vya Kireno kutoka Beira, vya Kiafrikana kutoka Durban, na alikuwa akijiona mtu wa maana sana. Mwaka 1952 alituma kitabu cha tausi, kikubwa, chenye rangi za kung'aa. Kilirudi Mombasa na barua: “Kaka, tausi ni mzuri. Ukurasa wa kwanza tausi amesimama. Ukurasa wa pili tausi amesimama. Nimefika mwisho na bado amesimama. Nimfanye nini ndege huyu?” Lakini kitabu cha Kireno, cha mwokaji mikate anayesinzia huku unga ukiumuka hadi ukamtoa nje kwa dirisha, alikiweka. Hakuna mtu Ruiru aliyejua neno lake moja, na hakuna aliyelihitaji.

Ilipokuja Hali ya Hatari, serikali ikawabana Wakikuyu, na Bedan akawa hawezi kutoka bila kitabu cha pasi na sahihi juu ya sahihi, ni Syokau, Mkamba, aliyepanda treni kwenda Nairobi kutafuta vitabu. Aliingia duka la Mhindi mmoja, akatoa kitabu, akakisoma kwa sauti mwanzo hadi mwisho, kisha akaanza upya.

“Mama,” Mhindi akamwambia, “nunua ama toka.”

“Niko mara ya pili. Subiri ya tatu.”

“Mara tatu ya nini? Kitabu ni kile kile.”

“Mtoto atakisoma mara mia. Kama mimi kinanichosha mara ya tatu, yeye nitamwambia nini?”

Huo ndio ulikuwa mtihani wake wa kwanza. Wa pili, alikisimamisha kitabu mbali, hatua saba, aone kama mtoto aliyekaa nyuma kabisa ataona kitu. Wa tatu, alifunika maneno kwa kiganja. Kama hadithi ilikufa maneno yalipofunikwa, alikirudisha. “Maneno yakishasema kila kilicho kwenye picha,” alikuwa akisema, “picha imekuja kufanya nini, kupamba?” Waliomwambia kwamba watoto wa Ruiru hawataelewa kitabu chenye theluji aliwauliza kama watoto wa Ruiru wamewahi kuona simba. Na vitabu vya mtoto mtiifu anayepewa zawadi kwa sababu ni mtiifu, ambavyo Wakristo wenzake walimletea kwa upendo mwingi, alivipokea kwa heshima, akaviweka chini ya mguu wa meza uliokuwa mfupi.

Mwezi wa Februari 1957 lilifika sanduku la vitabu sitini na viwili kutoka kwa wafadhili wa ng'ambo. Iliundwa kamati ya kulipokea, na katibu wake akawa Bwana Zacharia Kagwe, karani wa mizani ya kahawa, ambaye yuko nasi hapa leo na ametupa ruhusa ya kusema yafuatayo. Bwana Zacharia ni mtu mwaminifu. Aliogopa vitabu vitaibwa. Kwa hiyo, kabla Syokau hajaitwa, alikaa siku mbili na muhuri wa kamati, akagonga kila kitabu. Hakugonga kwenye jalada tu. Aligonga kila ukurasa, na kwa kuwa maneno hayapaswi kufunikwa, aligonga katikati ya picha.

Syokau alipofungua kitabu cha kwanza mbele ya watoto, palikuwa na mvulana wa Kizungu mwenye wino wa zambarau uso mzima. Njambi, binti wa miaka minne, alimtazama sana. Nyumbani kwao kila karatasi yenye muhuri ilikuwa ya mtu aliyesimamishwa njiani.

“Mwalimu,” akauliza, “huyu amefanya nini?”

“Hajafanya kitu, mami. Ni karani.”

Kati ya vitabu sitini na viwili, alivipitisha tisa. Vitano alivitoa haraka. Vinne vingine vilimchukua hadi Pasaka. Kamati ilikasirika. Zawadi haichaguliwi, walisema, na wageni wenye zawadi yao watakuja Novemba 1958 kuona vyote sitini na viwili, visafi. Basi Aprili mwaka huu kamati iliamua kwamba vitabu vyote, na vile tisa pia, viwekwe kwenye kabati refu lenye kufuli, na Bwana Zacharia ashike ufunguo.

“Kwani vitabu tisa vitakuzuia nini?” Zacharia alimuuliza. “Unavijua kwa kichwa.”

“Mimi ndiyo navijua. Wao hawajui. Mtoto akijua kitabu kiko kabatini amejua tu kwamba kuna kabati.”

“Mama Ngendo, vitachafuka.”

“Vichafuke, baba. Umeona sahani safi ya mtu aliyekula?”

Syokau alishindwa. Vitabu tisa vilitolewa kwenye kiondo, kikapu cha kusuka kilichokuwa kimeninginia kimo cha magoti, vikapanda juu, na mlango ukafungwa. Kuanzia siku ile hadi mwisho wake alitaka jambo moja tu, vile tisa virudi mikononi mwa watoto. Tuliomtembelea tulijaribu kuongea naye juu ya mambo mengine, ya mvua, ya wajukuu, ya mbinguni. Alipumua kwa pua.

Maumivu ya tumbo yalikuwa yameanza mwezi wa Februari, naye aliyanyamazia kwa dawa za miti hadi Juni, alipolazwa hospitali ya Thika na kuambiwa ni uvimbe. Alipofanyiwa upasuaji alipata nafuu ya wiki tatu, kisha akarudi wodini na hakutoka tena.

Watoto walibaki bila msomaji. Hapo shambani mtu pekee aliyejua Kiingereza na kuwa na saa moja kabla ya mizani kufunguliwa alikuwa mwenye ufunguo. Bwana Zacharia alifungua kabati, akatoa kitabu kimoja kati ya vile tisa, akasoma, akafunga. Alimletea Syokau habari hiyo hospitalini mwezi wa Agosti kama mtu aliyelipa deni.

“Ulisoma kipi?”

“Cha mama anayekwenda sokoni kuuza viazi.”

“Nisomee.”

Alikuwa amekileta. Akakaa kando ya kitanda, akasoma akikitafsiri kwa Kiswahili: mama ameamka, mama amejaza kikapu, mama amepita darajani, mama amefika sokoni, kikapu kitupu, mama ameshangaa.

“Umemruka mbuzi,” Syokau akasema.

“Mbuzi gani? Hakuandikwa mbuzi.”

“Zacharia. Umesoma kitabu cha mbuzi mara ngapi?”

“Mara nne.”

“Mara nne, na hujamwona mbuzi.”

Alimwonyesha. Kila ukurasa, nyuma ya yule mama, alikuwapo mbuzi mdogo anayetafuna kitako cha kikapu, tundu likikua, viazi vikidondoka kimoja kimoja njiani. Maneno hayakumtaja hata mara moja. Watoto humwona ukurasa wa pili na huanza kumwonya mama kwa kelele. Lakini darajani, pale mbuzi anapovunja kitako kizima, hapakuwa na mbuzi. Palikuwa na muhuri.

“Kwa hiyo walikuwa wanapiga kelele hadi darajani,” Zacharia akasema polepole, “halafu wananyamaza. Mimi nilidhani wamechoka.”

“Hawakuchoka. Ulimkamata mbuzi.”

Sasa Bwana Zacharia ni mtu asiyependa kosa libaki kwenye daftari. Alirudi Ruiru, akachukua ndimu na chumvi, ambavyo hutoa wino kwenye shati la karani, akausugua ule muhuri. Kitambaa kilitoka na wino. Kilitoka na karatasi pia. Pakabaki tundu la ukubwa wa shilingi, mahali alipokuwa mbuzi. Mtu mwingine angekificha kitabu. Yeye alikisoma hivyo hivyo asubuhi iliyofuata, kisha akaomba ruhusa, akapanda basi kwenda Thika, akamwekea Syokau kitabu kifuani.

Aligeuza hadi darajani. Akaliona tundu.

“Umemtoboa.”

“Nimemtoboa, Mama Ngendo. Nilikuwa namtafuta.”

“Njambi alifanya nini?”

“Alitia kidole.”

“Halafu?”

“Akaona kitu cha rangi nyekundu upande wa pili. Ni sketi ya huyo mama akiwa sokoni. Akafunua ukurasa kabla sijamaliza kusoma.”

“Na wewe ukafanya nini?”

“Nikamwambia asubiri.”

Binti yake Ngendo, aliyekuwa hapo, anasema Syokau alifumba macho kwa muda mrefu hivi kwamba alitaka kumwita muuguzi. Kisha ikaja ile pumzi ya pua.

“Zacharia. Miaka minane nimetafuta kitabu kinachomfanya mtoto afunue ukurasa mwenyewe. Nimemtuma kaka yangu hadi Bombay. Wewe umekitengeneza kwa ndimu, halafu unamwambia asubiri.”

Alianza kucheka, na kucheka kulimuumiza, akamkasirikia Zacharia kwa hilo pia.

Bwana Zacharia alirudi kwenye kamati na ndiye aliyelisimamia jambo lile, yeye aliyekuwa amelipinga. Jumatano tarehe 8 Oktoba kamati ilikubali vitabu tisa vitolewe na visirudishwe kabatini, wageni waje wasije. Alimletea Syokau barua yenyewe. Hakuwa na nguvu ya kusoma, akasomewa. Aliuliza jambo moja: vitabu vipya vitagongwa wapi muhuri?

“Nyuma, ndani ya jalada,” Zacharia akajibu. “Pale ambapo hakuna mtu.”

“Umeanza kusoma,” akamwambia.

Alifariki Jumanne tarehe 14 Oktoba 1958, saa tatu asubuhi, hospitalini Thika, Bedan na mabinti wake wakiwa naye. Alikuwa na miaka arobaini na saba.

Jana, Ijumaa, baada ya kumaliza jeneza, mumewe alichukua msumeno akaenda chumba cha watoto. Kamati ilikuwa imetoa vitabu vilivyobaki, ikampa kabati tupu. Alitoa milango na kufuli, kisha akakata miguu, akamsimamisha Njambi kando, akakata tena. Mara ya tatu Njambi alifika rafu ya juu, na Bedan akaweka msumeno chini. Milango miwili ameipigilia miguu, ndiyo benchi wanalokalia watoto mliowaona hapo mbele. Kiondo kiko katikati yao, na vitabu vyote tisa vimo. Wakiongea wakati wa sala, tunaomba msiwanyamazishe. Wamefika darajani.

Marehemu amemwacha mumewe, Mzee Bedan Muigai, mabinti zake, Ngendo na Ndinda, wakwe zake wawili, wajukuu watano, kaka yake Nzomo, ambaye ameambiwa asilete tena tausi, na watoto wote wa chumba cha Ruiru. Ameacha pia vitabu hamsini na vitatu vilivyo safi kabisa, na kamati inamkaribisha yeyote anayevitaka.

Syokau, pumzika kwa amani, wewe uliyetuchosha hadi tukaona. Nasi tuliobaki na vitabu mkononi, tuvigeuze, picha iwatazame watoto.